Berlin kuanzia Alhamisi hadi Jumatatu: makumbusho mchana, chakula jioni, muziki hadi asubuhi

Berlin haina saa ya kufunga. Amri ya kufunga baa usiku iliondolewa Berlin Magharibi mwaka 1949, mji ukiwa bado magofu ya vita, na ilirudi kwa muda tu mwaka 2020, wakati wa korona. Baa inafunga mteja wa mwisho akichoka. Lakini mji huohuo una milango mingi inayofungwa siku usiyoitegemea: makumbusho mengi ya serikali hayafunguliwi Jumatatu, Humboldt Forum haifunguliwi Jumanne, na supamaketi karibu zote zimefungwa Jumapili kutwa. Wageni wengi wanaorudi wakinung'unika walikosea siku tu. Kwa hiyo panga siku kwanza, mahali baadaye.

Mpangilio unaofaa zaidi ni kuingia Alhamisi mchana na kuondoka Jumatatu. Alhamisi jioni kuna soko la chakula. Ijumaa na Jumamosi treni za chini ya ardhi hazilali. Jumapili klabu kubwa bado zinapiga muziki mchana kweupe. Jumatatu, makumbusho yakifungwa, wewe uko njiani kwenda uwanja wa ndege.

Jambo moja kuhusu saa kabla hatujaenda mbali. Saa za tarakimu humu zimeandikwa kama zinavyobandikwa mlangoni kule, za maneno ni za Kiswahili: 18:00 ni saa kumi na mbili jioni, 23:00 ni saa tano usiku. Mjerumani naye ana mtego wake wa kusema saa. Akikwambia "halb acht", maana yake ni nusu saa kabla ya nane yao (20:00), yaani 19:30. Ukidhani ni 20:30, utafika mgahawani meza yako imeshapewa mtu mwingine.

Tiketi ya treni

Mji umegawanywa katika kanda A, B na C. Karibu kila kitu unachokitaka kiko A na B, ila uwanja wa ndege wa BER uko C. Siku ya kuingia na ya kutoka nunua tiketi ya ABC, siku nyingine AB inatosha. Tiketi moja ya AB ni karibu euro 4 na inadumu saa mbili kwa kwenda upande mmoja, bila kugeuza. Tiketi ya saa 24 ni kama euro 11, hivyo ukipanda mara tatu kwa siku imeshajilipa. Ukienda vituo vitatu tu vya treni, au sita vya basi au tramu, omba "Kurzstrecke", tiketi ya safari fupi, ni nafuu zaidi.

Hakuna geti stesheni, na hapo ndipo wageni wanaponaswa. Tiketi ya karatasi uliyonunua kwenye mashine ya jukwaani haijaanza kazi mpaka uigonge kwenye kisanduku kidogo kilicho karibu. Mkaguzi huvaa nguo za kawaida, hutoa kitambulisho treni ikishaondoka, na faini ni euro 60. Tiketi ambayo haijagongwa kwake ni sawa na kutokuwa na tiketi, hata ukimwonyesha risiti. Ukinunua kwa programu ya simu ya BVG, shirika la usafiri la mji, huna haja ya kugonga, ila nunua kabla ya kupanda, si baada ya kumwona mkaguzi. Dereva wa basi hapokei pesa taslimu.

Usiku wa kuamkia Jumamosi na Jumapili, U-Bahn, yaani treni za chini ya ardhi, hutembea usiku kucha, takriban kila robo saa. Siku nyingine husimama kati ya saa saba na saa kumi alfajiri hivi, na mabasi yenye herufi N hufuata njia zilezile: N8 hupita juu ya njia ya U8, N1 juu ya U1. Tramu zenye herufi M hutembea usiku wote. Ile ya M10 ikumbuke vizuri, maana inapita kwenye kumbukumbu ya Ukuta wa Berlin na kuishia Warschauer Straße, lango la klabu za Friedrichshain. Usiku wa Jumamosi inajaa vijana wenye chupa mkononi, na yenyewe inaanza kuwa sherehe.

Makumbusho: chagua mawili kwa siku, si matano

Kisiwa cha Makumbusho kina majumba matano makubwa na kimo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1999. Kosa la kwanza ni kutaka kuyamaliza yote kwa siku moja. Baada ya saa tatu za kusimama mbele ya kabati za vioo, macho hayaoni tena, na unachokumbuka ni miguu tu.

Kosa la pili ni kwenda kwa ajili ya Pergamon. Jumba hilo limefungwa lote tangu Oktoba 2023. Upande wa kaskazini, wenye madhabahu yaliyolipa jina, umepangwa kufunguliwa 2027. Lango la Ishtar la Babeli liko upande wa kusini, na huo umepangiwa 2037. Orodha nyingi za "lazima uone" bado zinalitaja kama vile liko wazi.

Anza na Neues Museum. Shuka kituo cha Museumsinsel kwenye njia ya U5, na kabla hujapanda ngazi inua kichwa: dari la jukwaa lina taa 6,662 kwenye rangi ya buluu, kama anga la usiku. Tiketi za Neues Museum zina saa maalumu ya kuingia, na saa za asubuhi huisha mapema wakati wa kiangazi, hivyo nunua mtandaoni siku mbili tatu kabla. Jengo lilipigwa mabomu vita vya pili na kukaa gofu hadi lilipofunguliwa upya 2009. Waliolirekebisha waliacha makovu ya moto na risasi yaonekane. Ghorofani, peke yake katika chumba cha kuba, yumo Nefertiti, malkia wa Misri ya kale. Sanamu hiyo ilichimbuliwa Amarna, Misri, Desemba 1912, na Misri imeidai mara nyingi. Chumbani humo hakuna kupiga picha, na askari wana macho. Nenda kwake moja kwa moja mlango unapofunguliwa saa 10:00, kisha rudi uangalie mengine taratibu. Kufikia saa sita mchana makundi ya watalii yatakuwa yamemzunguka safu nne.

Begi la mgongoni haliingii. Kuna makabati ya kuhifadhia, mengine yanataka sarafu ya euro 1 au 2 inayorudi ukifungua, kwa hiyo tunza sarafu mfukoni. Koti zito nalo liweke huko. Ndani kuna joto hata Januari.

Jumba la pili kwa siku hiyo, chagua kwa tabia yako. Mpenda picha za rangi aende Alte Nationalgalerie, kwa Caspar David Friedrich na bahari zake za upweke. Anayependa Wagiriki na Warumi aende Altes Museum, jengo la 1830. Lakini ukituuliza ni wapi Berlin inaficha mali yake bora, jibu haliko kisiwani. Ni Gemäldegalerie, pale Kulturforum karibu na Potsdamer Platz: Rembrandt kadhaa, Vermeer wawili, Caravaggio, na kumbi ambamo mara nyingi unasikia nyayo zako mwenyewe. Wageni hawaendi kwa sababu jengo kwa nje halisemi kitu.

Humboldt Forum, ile kasri iliyojengwa upya mkabala na kisiwa, ina makusanyo ya Afrika, Asia na Bahari ya Pasifiki, na kuingia maonyesho ya kudumu ni bure. Humo zimo shaba za Benin, kazi za sanaa za ufalme wa kale ulioko Nigeria ya leo, ambazo umiliki wake ulirudishwa kwa Nigeria mwaka 2022 na baadhi zikabaki kwa mkopo. Soma vibao vya maelezo, vingi sasa vinasema wazi kitu kilipatikanaje. Ni hapa pa kwenda kama Jumatatu imekukuta bado mjini.

Jumamosi asubuhi iachie Museum für Naturkunde, kituo cha Naturkundemuseum njia ya U6. Ukumbi wa kwanza tu unatosha kulipia safari: mifupa ya Giraffatitan, yenye kimo cha mita 13.27, mifupa mirefu kuliko yote ya dinosaria iliyosimamishwa duniani. Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya kusimama hapo zaidi ya wengine, kwa kuwa mnyama huyu alitoka Tendaguru, mkoani Lindi. Kati ya 1909 na 1913 mamia ya wenyeji walichimba, wakafunga mifupa na kuibeba kichwani na mabegani hadi bandari ya Lindi, safari ya siku kadhaa kwa mguu. Zaidi ya tani 200 zilisafirishwa kwa meli. Msimamizi wa machimbo aliyetegemewa na wanasayansi wa Kijerumani aliitwa Boheti bin Amrani. Mtafute jina lake kwenye maelezo. Usiondoke bila kuona jengo la spiriti, ambako samaki, nyoka na vyura wamepangwa kwenye chupa za vioo kutoka sakafu hadi dari. Kumbi hufungwa kwa zamu kwa ajili ya ukarabati, kwa hiyo angalia tovuti yao asubuhi hiyo. Jumatatu hapafunguliwi.

Ukitoka hapo, panda U6 hiyohiyo kuelekea kaskazini hadi kituo cha Afrikanische Straße. Hapa ni Mtaa wa Kiafrika, eneo la Wedding, lenye barabara zilizopewa majina ya enzi za ukoloni: Sansibarstraße, Togostraße, Kameruner Straße. Moja iliitwa Petersallee, jina lililotolewa mwaka 1939 kumtukuza Carl Peters, Mjerumani aliyeanzisha koloni la Afrika Mashariki. Tangu Agosti 2024 sehemu yake moja inaitwa Maji-Maji-Allee na nyingine Anna-Mungunda-Allee. Hakuna tiketi wala foleni, ni makazi ya watu tu, na nusu saa inatosha.

Kuhusu fedha: Museum Pass Berlin ni karibu euro 32, inadumu siku tatu mfululizo, na inaingia majumba zaidi ya 30. Kwa kuwa Neues Museum pekee ni euro 14, pasi inajilipa kwenye jumba la tatu. Ukiinunua, bado unahitaji kuweka saa ya kuingia kwenye majumba yenye msongamano. Usizitegemee zile Jumapili za bure za kila mwanzo wa mwezi. Zilianza 2021 na zikafutwa mwisho wa 2024, ingawa ushauri huo bado unazunguka mtandaoni. Vilivyo bure kweli ni Topographie des Terrors, penye historia ya polisi wa Wanazi mahali palipokuwa makao yao, maonyesho ya kudumu ya Makumbusho ya Wayahudi, na kumbukumbu ya Ukuta pale Bernauer Straße. Kuba la kioo la bunge nalo ni bure, lakini lazima ujiandikishe mtandaoni mapema na uje na pasipoti. Wiki mbili kabla ni salama, siku mbili kabla ni bahati nasibu.

Na ukiweza kuchagua mwezi, chagua mwisho wa Agosti. Usiku Mrefu wa Makumbusho ulizaliwa Berlin mwaka 1997 na tangu hapo miji mingi imeuiga. Tiketi moja, majumba kadhaa kwa kadhaa, milango wazi hadi 02:00. Anza na majumba madogo ya pembeni jioni, ya kisiwani uyaache hadi baada ya saa tano usiku, familia zikishakwenda kulala.

Kula

Döner ndiyo chakula halisi cha Berlin, usimsikilize anayekuelekeza kwenye mgahawa wa mapazia kutafuta "Ujerumani ya kweli". Wahamiaji wa Kituruki waliingiza nyama ya chuma kinachozunguka ndani ya mkate miaka ya 1970 mjini humo, na sasa kuna kibanda kila kona. Bei ni euro 7 hadi 9.

Jinsi ya kutambua kizuri: tazama nyama kabla hujaagiza. Nyama nzuri inaonyesha tabaka, vipande vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, kingo zake haziko sawa. Ikiwa ni nguzo laini ya rangi ya kijivu, kama imemwagwa kwenye kopo, hiyo ni nyama ya kusaga. Miongozo ya vyakula ya Ujerumani inataka kitu kinachouzwa kwa jina la döner kiwe cha ng'ombe, ndama au kondoo, na nyama ya kusaga isizidi asilimia 60. Kisichofikia hapo huandikwa "Drehspieß". Ukiona neno hilo kwenye bango, umeshajulishwa. Kibanda chenye wateja wengi saa saba mchana kina nyama mpya zaidi, kwa sababu chuma kinaisha na kubadilishwa kila siku.

Utaulizwa maswali mawili kwa kasi. "Mit allem?" ni je, uwekewe kachumbari yote: kabichi, saladi, nyanya, kitunguu. Kisha sosi: "Kräuter" ni ya majani, "Knoblauch" ni ya kitunguu saumu, "scharf" ni ya pilipili. Pilipili yenyewe kwa mtu aliyezoea pilipili kichaa ni ya kawaida tu. Mkate bapa uliochomwa kidogo ni wa kawaida, "Dürüm" ni uliokunjwa kama chapati, na huu haumwagiki njiani. Kunywa na ayran, kinywaji cha mtindi chenye chumvi. Viko vibanda viwili vitatu maarufu sana ambako foleni ni saa nzima au zaidi. Tofauti ya ladha na kibanda cha pili mtaani haifiki hata robo ya muda huo.

Kwa wasiokula kitimoto, haya ndiyo maneno ya kukariri: "Schwein" ni nguruwe, "Rind" ni ng'ombe, "Kalb" ni ndama, "Lamm" ni kondoo, "Hähnchen" ni kuku, "Pute" ni bata mzinga. "Speck" ni mafuta ya nguruwe yaliyokaushwa, na hujificha kwenye viazi vya kukaanga na saladi ya viazi bila kutajwa kwa herufi kubwa. Uliza "Ist da Speck drin?" Vibanda vingi vya döner ni halali na huandika hivyo dirishani. Barabara ya Sonnenallee, Neukölln, ina mikahawa ya Kiarabu mfululizo: falafel, kuku wa kuchoma, mikate ya zaatari, baklava kwa kilo. Ukiwa na bajeti ndogo, kula huko mara mbili.

Currywurst ni ya pili kwa umaarufu. Ni soseji iliyokatwakatwa, sosi ya nyanya na unga wa bizari juu. Inahusishwa na Herta Heuwer, aliyeitengeneza kibandani kwake Charlottenburg tarehe 4 Septemba 1949. Utaulizwa "mit oder ohne Darm?", yaani na ngozi au bila. Yenye ngozi inakatika kwa mlio mdogo, isiyo nayo ni laini zaidi. Kwa kawaida ni nguruwe, ingawa vibanda vingine vina ya ng'ombe. Konnopke, chini ya reli ya juu pale Eberswalder Straße, ipo tangu 1930. Curry 36 pale Mehringdamm huuza hadi usiku mwingi, na ndiyo sababu utaona waliotoka klabu wamesimama pale na uma mdogo mkononi.

Alhamisi ya kuwasili nenda Markthalle Neun, soko la ndani la karne ya 19 huko Kreuzberg, kituo cha Görlitzer Bahnhof. Jioni hiyo, kuanzia 17:00 hadi 22:00, meza za wapishi kutoka kila pembe ya dunia hujaa ukumbini. Fika kabla ya 18:00. Saa moja baadaye hakuna pa kukaa. Nunua sahani ndogo, mgawane, kwa sababu kila kitu ni euro 7 hadi 12 na njaa ya macho ni ghali. Ijumaa (na Jumanne) mchana kuna soko la Waturuki kando ya mfereji, Maybachufer, kituo cha Schönleinstraße. Ukija saa ya mwisho, kabla ya 18:30, wauzaji wanaita bei za kutupa: kreti la maembe, mafungu ya giligilani. Gözleme, chapati ya Kituruki iliyojazwa mchicha na jibini, ikitoka kwenye bamba la moto, ni chakula cha mchana kamili.

Vyakula vya Kiberlini vyenyewe vijaribu mara moja. Königsberger Klopse ni mabonge ya nyama kwenye mchuzi mweupe wenye kepa, mara nyingi ndama, mara nyingine vikichanganywa na nguruwe, kwa hiyo uliza. Senfeier, mayai ya kuchemsha kwenye mchuzi wa haradali na viazi, ni nafuu na haina nyama. Eisbein ni mguu wa nguruwe wa kuchemsha, wenye ukubwa wa kichwa cha mtoto. Agiza moja kwa watu wawili. Kuanzia katikati ya Aprili hadi 24 Juni kila mgahawa una asparagasi nyeupe, na tarehe hiyo ikipita hutoweka kana kwamba imepigwa marufuku. Ile donati isiyo na tundu, yenye jemu ndani, ambayo sehemu kubwa ya Ujerumani wanaiita Berliner, Berlin yenyewe inaitwa Pfannkuchen.

Kulipa. Sema unalipa "zusammen", pamoja, au "getrennt", kila mtu chake, nao watagawa hesabu bila kununa. Bahashishi haiachwi mezani. Unataja jumla unayotaka kutoa wakati unalipa: bili ni 18.40, unasema "zwanzig", ishirini, basi. Asilimia 5 hadi 10 ni adabu tosha. Bango la "Nur Barzahlung" ni pesa taslimu tu, na "EC-Karte" ni kadi ya benki za Kijerumani, si Visa yako. Tembea na euro 50 taslimu wakati wote. Ukiomba maji bila kufafanua, utaletewa chupa yenye gesi na bei. "Leitungswasser" ni maji ya bomba, ni safi, lakini mgahawa haulazimiki kukupa.

Usiku

Kwanza fahamu kwamba usiku wa Berlin hauanzi usiku. Klabu nyingi hufungua 23:00 au 23:59, na kabla ya saa nane hakuna mtu sakafuni zaidi ya wageni wenzako. Mwenyeji hula saa mbili, hulala kwa muda wa saa mbili au tatu, kisha hutoka. Fanya vivyo hivyo Jumamosi. Anayeanza kunywa 19:00 hufika mlangoni amechoka na amelewa, na mlangoni ndiko usiku wake unakoishia.

Mlango una kanuni zake. Njooni wawili au watatu. Kundi la watu wanane wanaoimba halipiti. Vaa nguo rahisi, nyeusi ikiwezekana, na viatu vya kucheza. Suti na visigino virefu vinamwambia baunsa kwamba umekosea mji. Foleni si mahali pa kupiga kelele wala kupiga picha. Jua nani anapiga muziki usiku huo, maana unaweza kuulizwa. Utaulizwa pia mko wangapi: inua vidole au sema "zwei". Akisema "heute leider nicht", ni leo hapana. Usibishane wala usirudi foleni ileile, nenda klabu ya pili. Iweke akilini mapema, umbali wa dakika 15. Beba pasipoti halisi, nakala ya simu haitoshi. Umri ni miaka 18, kwingine 21. Sheria ya usawa ya 2006 inakataza kumnyima mtu kiingilio kwa rangi au asili yake. Ukiwa na hakika ndicho kilichotokea, andika saa na mahali, usigombane na baunsa usiku huo.

Berghain, katika mtambo wa umeme wa zamani karibu na Ostbahnhof, ndiyo inayotajwa na wote. Sherehe yake kuu huanza Jumamosi usiku na kwenda hadi Jumatatu asubuhi. Saa saba usiku wa kuamkia Jumapili ndiyo wakati mbaya kuliko wote: foleni ndefu, baridi, na watu wengi wa kukataliwa. Jumapili kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana kuna nafuu, na hapo umelala, umekula, uko timamu. Tresor, iliyoanza 1991 kwenye chumba cha kuhifadhia fedha cha duka lililobomolewa na sasa iko ndani ya mtambo wa umeme Köpenicker Straße, haina mlango mkali kiasi hicho na inamfaa anayeingia tekno, muziki wa midundo ya mashine, kwa mara ya kwanza. Orodha za zamani bado zinataja Watergate. Imefungwa tangu mwisho wa 2024.

Kiingilio ni euro 15 hadi 30, mara nyingi taslimu. Ndani watabandika vibandiko kwenye kamera za simu yako, mbele na nyuma. Kukibandua ni kutolewa nje bila onyo. Koti unaliacha dirishani kwa euro 2 hivi, na hiyo namba usiipoteze. Chupa au glasi ina amana ya euro 1 au 2, wakati mwingine pamoja na kidude cha plastiki. Ukirudisha chupa bila kidude hupati kitu. Omba muhuri mkononi ukitaka kutoka na kurudi, na uliza kabla hujatoka, si kila klabu inaruhusu. Beba vifaa vya masikioni. Maji ya bomba ya chooni yananyweka. Kinywaji chako usikiache mezani.

Wasiopenda tekno hawajafungiwa nje. Clärchens Ballhaus, Auguststraße, ni ukumbi wa dansi tangu 1913, na wazee hucheza na vijana. A-Trane huko Charlottenburg ni chumba kidogo cha jazi, weka nafasi mapema. YAAM, ukingoni mwa mto Spree karibu na Ostbahnhof, ina rege, dancehall na muziki wa Afrika, na mchanga wa kukalia wakati wa kiangazi. Mtaa wa Weserstraße, Neukölln, umejaa baa ndogo. Baa ndogo zilizoandikwa "Raucherkneipe" zinaruhusu sigara ndani, na koti lako litanuka wiki nzima.

Njia ya bei nafuu kuliko zote ni Späti, duka dogo la usiku. Bia euro 2, ukae kwenye benchi nje, sheria inaruhusu. Chupa usiitupe. Ya bia ina amana ya senti 8, kopo na chupa za plastiki za kutumika mara moja senti 25. Usipotaka kuirudisha, iache kando ya pipa, si ndani, kwa sababu kuna watu wanaoishi kwa kuziokota.

Bangi: tangu Aprili 2024 mtu mzima anaruhusiwa kuwa na hadi gramu 25, lakini mgeni hana njia halali ya kuinunua. Anayekuuzia bustanini anavunja sheria, na mara nyingi anakuuzia majani mengine. Msaada wa dharura ni 112, polisi 110.

Jumapili ukiamka, Mauerpark ina soko la vitu vya mitumba kuanzia 10:00, na kumbukumbu ya Ukuta ya Bernauer Straße iko dakika chache kwa mguu. Mikahawa ya jirani huandaa kifungua kinywa hadi saa tisa au kumi alasiri, kwa heshima ya waliorudi asubuhi. Maji, mkate na dawa ya kichwa vinunue Jumamosi. Ukisahau, maduka ya ndani ya stesheni kuu, Hauptbahnhof, hufunguliwa Jumapili, na foleni yake itakuonyesha wangapi wengine walisahau.